Hakimu Alikuwa Kaka Yake

Kuna muvi ya mwaka 1952 ambayo nimeitazama mara nne sasa, na kila mara nikikaribia mwisho nasimamisha simu kwanza nipumue. Inaitwa Parasakthi. Ni ya Kitamil, nyeusi na nyeupe, na sauti yake inakwaruza kama redio ya guka. Jamaa mwembamba amesimama kizimbani. Ameshtakiwa kwa kumvamia kuhani ndani ya hekalu. Anajitetea mwenyewe na haombi huruma. Anakubali alichofanya, halafu pole pole anaigeuza kesi: ni nani alimfikisha dada yake kwenye njaa, ni nani walitaka kumlipisha kwa mwili wake halafu wakaita hiyo sadaka? Anaongea mpaka unasahau aliyeshtakiwa ni nani.

Mimi sijui Kitamil. Nasoma tafsiri ya Kiingereza inayopita mbio chini ya skrini, najua kabisa nusu ya utamu imebaki njiani, na bado mwili unanisisimka.

Labda ni kwa sababu ya nilivyolelewa. Muvi za Kihindi nilizijulia kwenye kibanda cha video, mabenchi ya mbao, na sauti ya DJ Afro juu ya kila kitu. Steringi alikuwa anafungua mdomo, lakini aliyeongea ni DJ Afro. Kwa hivyo sikuwahi kujiuliza yule msee kwenye skrini alikuwa anasema nini, wala kwa lugha gani. Wote walikuwa Wahindi, wote waliongea Kihindi, basi, hadithi imeisha. Ilibidi nikue ndipo nijue kwamba kuna mamilioni ya watu wa India ambao ukiwaambia lugha yao ni Kihindi umewatukana, na kwamba kuna mtu mmoja aliyefanya siasa kwa karibu miaka 80 akianzia kwenye tusi hilo.

Huyo ndiye aliyeandika maneno ya jamaa wa kizimbani. Anaitwa Muthuvel Karunanidhi. Muvi ilipotoka alikuwa na miaka 28. Miaka 17 baadaye akawa Waziri Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, na kiti hicho alikikalia mara tano. Wakimtaja walimwita Kalaignar, yaani msanii. Wanasiasa wengi huandikiwa hotuba. Huyu alikuwa mwandishi aliyepewa serikali.

Nataka kuisoma Parasakthi kama ramani ya maisha yake. Naona karibu kila alichokuja kufanya, kizuri na kibaya, kilikuwa tayari kwenye skripti ile. Na kibaya kiko mwishoni, mahali ambapo watazamaji wengi hulia kwa furaha.

*

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1924 katika kijiji cha Thirukkuvalai, eneo la Thanjavur, kusini mwa India. Jina la kwanza alilopewa ni Dakshinamurthy. Familia yake ilikuwa ya tabaka la Isai Vellalar, watu ambao kazi yao ya urithi ni muziki wa hekaluni. Wao ndio hupuliza nadaswaram, zumari refu ambalo sauti yake hufika mtaa wa pili. Yaani muziki wako unafaa kwa miungu, lakini wewe mwenyewe ni mtu wa chini. Mtoto alipelekwa kujifunza kazi hiyo na hakudumu. Alichukia desturi iliyowataka watu wa aina yake wasimame kifua wazi mbele ya wakubwa.

Shuleni pia mambo hayakwenda. Mtihani wa mwisho wa sekondari aliufeli, na chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nilipofika hapo kwenye maisha yake nilitabasamu kidogo, halafu nikajizuia. Kufeli mtihani hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Kilichomfanya awe mwandishi ni kwamba alipata kitu cha kukasirikia mapema.

Mwaka 1937 serikali ya jimbo la Madras, ikiongozwa na C. Rajagopalachari wa chama cha Congress, ilianza kulazimisha Kihindi mashuleni. Kwa watu wa kaskazini hiyo ilikuwa lugha ya kuliunganisha taifa. Kwa Watamil, ambao lugha yao ina fasihi ya zaidi ya miaka 2000 na haina undugu na Kihindi, ilikuwa amri ya kuhama nyumba yao wenyewe. Maandamano yakazuka, na Karunanidhi akaingia humo akiwa na miaka kama 14. Alianza kwa gazeti la kuandikwa kwa mkono. Mwaka 1942 akaanzisha Murasoli, jina lenye maana ya mlio wa ngoma, na hilo likabaki kuwa gazeti lake mpaka kifo.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera kidogo. Mimi naandika kwa Kiswahili, na kwetu sisi Kiswahili huwa upande wa wema. Ni lugha ya kutuunganisha, tumeimbiwa hivyo tangu darasa la kwanza, na katiba ya 2010 ikaipa cheo cha lugha ya taifa na lugha rasmi. Nikisoma habari za Watamil najikuta nimekaa kiti cha Kihindi. Sisemi ni sawa. Kiswahili hakikuja Nairobi kwa njia ile ile. Lakini siku hizi nikisikia mtu akisema lugha moja italeta umoja, namwuliza kwanza umoja huo nani anahama na nani anabaki kwake.

*

Kijana huyu aliingia katika harakati za E. V. Ramasamy, anayejulikana zaidi kama Periyar. Mzee huyo alipinga matabaka, alipinga ukuhani wa Mabrahmani, na Mungu mwenyewe hakumwamini. Mwaka 1949 wanafunzi wake kadhaa wakiongozwa na C. N. Annadurai walijitenga, wakaunda chama cha DMK. Annadurai alikuwa mwandishi wa tamthilia na filamu. Karunanidhi vilevile. Chama hakikuwa na pesa wala redio. Redio ilikuwa ya serikali. Kilikuwa na watu wanaojua kuandika maneno yanayokaa mdomoni.

Na wapigakura wengi hawakujua kusoma. Ukiwaandikia ilani, unaiandikia rafu. Lakini sinema waliingia, na wakitoka walitoka na maneno.

Sasa tuiangalie Parasakthi yenyewe. Ilitoka siku ya Deepavali, Oktoba 1952, ikiongozwa na Krishnan na Panju. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Pavalar Balasundaram. Karunanidhi aliandika skripti na majibizano. Ni wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ndugu watatu wa Kitamil wanaishi Rangoon, Burma. Dada yao, Kalyani, yuko Madurai na anaolewa. Tikiti ya meli inapatikana moja tu, kwa hivyo anayesafiri kwenda harusini ni mdogo wao, Gunasekaran, aliyechezwa na Sivaji Ganesan katika filamu yake ya kwanza kabisa. Akifika Madras anaibiwa kila kitu. Kule Madurai mume wa Kalyani anakufa siku mtoto wao anapozaliwa, na baba naye anafariki. Gunasekaran akimpata dada yake, yeye ni fukara na dada ni mjane anayeuza idli, vile vikeki vya mchele, apate riziki. Anaona aibu kujitambulisha. Anajifanya kichaa ili amlinde kwa mbali.

Kuanzia hapo Kalyani anapigwa na dunia. Kila mwanamume mwenye kitu anachoweza kumsaidia nacho anataka kulipwa kwa mwili wake. Hata kuhani wa hekalu anajaribu kumbaka. Mwishowe anamtupa mtoto wake mtoni asife njaa mbele ya macho yake, anataka kujiua, anakamatwa.

Ukiisimulia hivi inaonekana ni machozi juu ya machozi, na kweli ni hivyo. Kisichosimulika ni namna wanavyoongea. Kabla ya kizazi hiki cha waandishi, sinema ya Kitamil ilijaa nyimbo na hadithi za miungu, na lugha yake iliegemea Kisanskriti na lafudhi ya Kibrahmani. Karunanidhi akampa ombaomba Kitamil cha fasihi, kilichosafishwa, chenye sentensi ndefu zinazopanda ngazi moja baada ya nyingine, herufi za mwanzo zikigongana kama marimba. Fikiria makanga wa matatu anafungua mdomo na kinachotoka ni Kiswahili cha tenzi, na hakuna abiria anayecheka kwa sababu wote wanaelewa na wote wanaona kinamfaa. Hiyo ndiyo siasa ya muvi hii. Kabla hujasikia anachosema kuhusu makuhani na matajiri, umeshasikia kwamba maskini ndiye mwenye lugha.

Watu waliikariri ile hotuba ya mahakamani. Kwa miaka mingi kijana wa Kitamil aliyetaka kazi ya uigizaji aliikariri ndipo ajaribiwe. Wakubwa walidai ipigwe marufuku kwa kuikejeli dini. Haikuzimika.

Tuna methali kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Ni kweli. Lakini haya hayakuwa matupu. Mwaka 1953 Karunanidhi alilala juu ya reli akipinga stesheni ya mji wa Kallakudi kuitwa Dalmiapuram, kwa jina la tajiri wa saruji kutoka kaskazini. Akafungwa. Mwaka 1957 akaingia bunge la jimbo, na tangu hapo mpaka 2016 hakuwahi kushindwa kwenye kiti chake hata mara moja. Mwaka 1965 serikali kuu ilipotaka Kihindi kiwe lugha rasmi peke yake, jimbo liliwaka moto, wanafunzi wakaingia barabarani, watu wakauawa. Mwaka 1967 DMK ikaing'oa Congress, chama kilichoipatia India uhuru, na mpaka leo Congress haijarudi kuongoza jimbo hilo. Annadurai akawa Waziri Kiongozi, akafariki Februari 1969, na Karunanidhi akachukua kiti.

Yaani mwandishi wa skripti. Bila bunduki.

*

Turudi mahakamani, manake nilisema mwisho ni mbaya.

Kabla ya kesi ya Gunasekaran kuna kesi ya Kalyani. Anaeleza kwa nini alimtupa mtoto. Hakimu anayemsikiliza anaitwa Chandrasekaran, na ni mmoja wa wale ndugu watatu. Ni kaka yake. Hapo nyuma Kalyani alishafika nyumbani kwake akiomba, na hakimu huyu huyu akamfukuza mlangoni kwa kutomtambua. Sasa akiwa kitini anasikia hadithi, anagundua huyu ni dada yake, anazimia.

Kisha kila kitu kinajipanga. Mtoto kumbe hakuanguka majini, aliangukia boti ya mwanamke mwema. Mashtaka yanafutwa. Ndugu wa tatu, aliyepoteza mguu akikimbia mabomu ya Burma na sasa anaongoza chama cha ombaomba, anapita pale pale akichangisha pesa. Familia inakumbatiana. Wanafungua makao ya mayatima.

Mara ya kwanza nililia, sitaficha. Mara ya pili nikauliza: na yule ombaomba mwingine? Yule aliyefika mlangoni kwa hakimu siku iliyofuata, akafukuzwa vilevile, ila hakuwa dada ya mtu?

Kwa saa mbili muvi imetuambia tatizo ni mfumo: hekalu, tabaka, soko la magendo, sheria inayomwona maskini kama mchafuzi. Halafu inautatua mfumo kwa damu. Haki inapatikana kwa sababu hakimu amejua huyu ni wetu. Kama Kalyani angekuwa mgeni, angefungwa, na hotuba ya Gunasekaran ingebaki kelele kizimbani. Skripti inajua hasira vizuri kuliko skripti yoyote niliyowahi kuona. Haijui kitu cha kufanya na mgeni.

Unaweza kusema hiyo ni melodrama tu, na ndugu waliopotezana lazima wapatane mwishoni. Muvi ngapi tumeona hivyo pale kibandani. Sawa. Lakini mwandishi wa hii alikuja kutawala, na namna yake ya kuongea na umma ilikuwa ile ile. Hotuba zake alizianza kwa kuwaita watu udanpirappu, waliozaliwa pamoja nami. Kwenye Murasoli aliwaandikia wafuasi barua, maelfu ya barua kwa miongo, na mpokeaji ni huyo huyo, ndugu wa tumbo moja. Sisi tunalijua neno hili. Kwa Kiswahili pia ndugu ni wa damu na ni wa chama, na hutajua ni yupi mpaka ugali uletwe mezani.

*

Nitende haki kwanza. Undugu ule ulileta vitu vya kushikika. Riksho za kuvutwa na binadamu zilikomeshwa katika serikali yake ya miaka ya 1970. Mwaka 1989 serikali yake ilipitisha sheria ya kumpa binti haki sawa na mwana katika mali ya familia ya Kihindu. India nzima ilifika hapo mwaka 2005. Alianzisha vijiji vya Samathuvapuram, ambapo watu wa matabaka tofauti hupewa nyumba zilizopakana. Mwaka 2008 mchele wa maskini ukauzwa rupia moja kwa kilo. Kalyani angekuwa na haki ya urithi na angekula. Hilo si dogo, na mtu akiniambia siasa ya Karunanidhi ilikuwa maneno tu, namwonyesha hiyo sheria ya 1989.

Na maneno yenyewe kuna siku yaliokoa. Januari 1976, wakati wa ile hali ya hatari ya Indira Gandhi, serikali yake ilifutwa na viongozi wa DMK wakaanza kukamatwa kwa wingi, mwanawe Stalin akiwemo. Magazeti yalikaguliwa na huwezi kuchapisha nani amekamatwa. Tarehe 3 Februari ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Annadurai. Murasoli ikachapa orodha ya majina ya watu ambao hawangeweza kufika kaburini kuweka shada la maua. Basi. Mkaguzi aliona habari za kilio, wanachama wakasoma kila jina wakajua nani yuko ndani. Kama kuna fundisho moja la uhariri ningependa kulipokea kutoka kwake, ni hilo. Hakuna sentensi ndefu hapo wala herufi zinazogongana, ni majina tu.

Lakini mwandishi ana adui mmoja ambaye hawezi kumwandika akaisha, naye ni uso. M. G. Ramachandran, MGR, alipata jina kubwa kwa filamu kama Manthiri Kumari ya 1950, ambayo maneno yake aliyaandika Karunanidhi. Walikuwa marafiki na wanachama wenza. Januari 1967 mwigizaji mwenzake alimpiga MGR risasi shingoni. Picha yake akiwa na bendeji ilibandikwa kila mahali, akashinda uchaguzi akiwa hospitalini. Risasi iliharibu sauti yake, haikurudi kuwa ile. Mwaka 1972 akadai hadharani hesabu za pesa za chama, akafukuzwa, akaunda chama chake. Mwaka 1977 akashinda, na alikuwa kitini alipokufa Desemba 1987. Karunanidhi, bingwa wa maneno, alikaa nje miaka 13, na aliyemweka huko ni mtu asiyeweza kutamka vizuri.

Mani Ratnam aliitengenezea urafiki huo filamu, Iruvar, mwaka 1997, majina yakiwa yamebadilishwa. Ni muvi nzuri kuliko Parasakthi kwa kila kipimo cha kisanii, na hiyo ndiyo shida yake kwangu. Inawapenda sana hao wanaume wawili, kamera inawazunguka kama mpenzi, na umati unakuwa bahari ya mikono tu chini yao. Parasakthi ina makosa chungu nzima lakini inamjua mwuza idli kwa jina.

*

Sasa ugali umeletwa mezani.

Stalin alizaliwa tarehe 1 Machi 1953, siku chache kabla ya kifo cha Joseph Stalin, na ndiko jina lilikotoka. Alilelewa chamani. Kaka yake Alagiri akapewa Madurai, ule mji wa Kalyani. Wajukuu wa dada ya Karunanidhi, akina Maran, wakajenga himaya ya televisheni, na mmoja wao akawa waziri wa serikali kuu. Bintiye Kanimozhi, ambaye ni mshairi, akaenda bungeni Delhi. Mwaka 2006 chama kiliahidi televisheni ya rangi bure kwa maskini na kikatimiza. Nafikiria mtu aliyekuwa anaingia sinema miaka ya 1950 kusikia ombaomba akiongea kama mfalme. Sasa amepewa televisheni bure, na stesheni kubwa anayoitazama ni ya ukoo wa aliyempa.

Mei 2007 gazeti la akina Maran, Dinakaran, lilichapisha kura ya maoni kuhusu nani atamrithi mzee. Stalin alikuwa juu sana, Alagiri chini kabisa. Watu waliotajwa kuwa wafuasi wa Alagiri wakavamia ofisi ya gazeti hilo Madurai, ikateketea, na wafanyakazi watatu wakafa humo. Watatu hao hawakuwa wa ukoo. Ndio hao nilikuwa nawauliza, wageni wa mlangoni. Ugomvi wa ndugu ulipatanishwa na akina Maran wakarudishwa kundini mwaka uliofuata. Waliokufa walibaki wamekufa.

Aprili 2009, jeshi la Sri Lanka likiwabana waasi wa Tamil Tigers pamoja na raia kwenye ukanda mwembamba wa pwani, Karunanidhi alilala kwenye kitanda karibu na kaburi la Annadurai na kutangaza anafunga kula. Baada ya saa chache alikubali kwamba mashambulizi makubwa yamekoma, akainuka. Vita viliendelea mpaka Mei, na maelfu ya raia wa Kitamil walikufa. Wakati huo chama chake kilikuwa ndani ya serikali kuu ya Delhi. Mtu aliyewahi kulala kwenye reli kwa ajili ya jina la stesheni. Sijui kitendo kingine katika maisha yake kinachoniuma hivi, kwa sababu hapo udanpirappu walikuwa ndugu wa kweli, walioongea lugha yake, na akawatamkia tu.

Mwaka 2011 Kanimozhi na aliyekuwa waziri wa chama, A. Raja, walikamatwa katika kashfa ya leseni za masafa ya simu. Chama kikapigwa vibaya kwenye uchaguzi. Mahakama iliwaachilia wote wawili Desemba 2017, na nalisema hilo wazi kwa sababu nimeandika habari za hakimu na sitaki kumpuuza nikitaka. Alagiri alitimuliwa chamani mwaka 2014. Stalin akawa Waziri Kiongozi mwaka 2021, na Septemba 2024 naibu wake akawa Udhayanidhi, mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa mwigizaji na mtayarishaji wa filamu. Familia imekutana tena mwisho wa muvi. Wanakumbatiana.

*

Alifariki tarehe 7 Agosti 2018, Chennai, akiwa na miaka 94. Chama chake kiliomba azikwe ufukweni Marina, karibu na Annadurai. MGR yuko pale, na Jayalalithaa, mrithi wa MGR aliyepigana naye maisha yote, yuko pale. Serikali ya jimbo, ya wapinzani wake, ilikataa. Ikabidi mawakili waende Mahakama Kuu ya Madras usiku ule ule, na asubuhi ya tarehe 8 majaji wakatoa ruhusa. Umati uliokuwa unasubiri habari ulilia kwa nguvu, na Stalin akaonekana amelia mbele ya kila mtu.

Hii ndiyo kesi ya mwisho ya Karunanidhi, na nadhani ilikuwa bora kuliko ile aliyoiandika. Majaji wale hawakuwa ndugu zake. Hawakuzimia. Walisikiliza pande zote mbili, wakampa mtu wa tabaka la wapiga zumari nafasi yake kwenye mchanga, kwa sheria.

Juzi nimeitazama Parasakthi mara ya nne. Safari hii niliwacha ile hotuba ya Gunasekaran ipite, nikarudi nyuma mpaka pale Kalyani anapofika mlangoni kwa hakimu na kufukuzwa. Haichukui muda. Hakuna maneno makubwa pale. Mwandishi aliyempa kila mtu maneno hakumpa Kalyani kitu cha kusema kwa yule mtu kabla hajajulikana ni dada. Nimekaa na hiyo sehemu, nimejaribu kumwandikia sentensi moja. Bado sijaipata.